Walikula Nini Watu wa Miji ya Kale?

Shela ni mji mdogo ulio katika kisiwa cha Lamu, upande wa kusini na mashariki, mwendo wa kiasi cha maili mbili kutoka mji wa Lamu wenyewe. Mbele yake uko mlango wa bahari unaokitenga kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Nyuma yake viko vilima vya mchanga mweupe. Mgeni akikaribishwa katika nyumba ya Shela siku ya furaha huletewa sinia ya wali uliopikwa kwa tui la nazi, pamoja na samaki wa kupaka au nyama, na pembeni achari ya embe. Akiuliza kama hicho ndicho chakula cha asili cha mji, bila shaka ataambiwa kwamba ndicho, na kwamba mababu nao walikula vivyo hivyo.

Jawabu hilo ni nusu ya kweli. Samaki ni wa asili, na nazi ni ya zamani sana. Lakini wali, ambao hauwezi kukosekana katika karamu ya watu wa pwani, ulikuja kama mgeni, ukapewa heshima ya mgeni, na hatimaye ukakalia kiti cha mwenyeji. Mwenyeji mwenyewe alikuwa mtama na mawele. Habari hii haikuhifadhiwa na masimulizi ya wazee. Imefukuliwa ardhini, katika majaa ya watu wa kale, punje kwa punje na mfupa kwa mfupa.

MAJAA YA WATU WA KALE

Watu wa Shela husimulia kwamba asili yao ni Takwa, mji uliokuwa upande wa kusini wa kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Takwa ulikuwa mji wa mawe, wenye ukuta, msikiti mkubwa na visima. Ulisitawi katika miaka ya 1500 na 1600, kisha ukahamwa, na yasemwa kwamba sababu moja ilikuwa maji ya visima kugeuka kuwa ya chumvi. Kwa vizazi vingi watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda Takwa kuzuru kaburi lenye mnara, lililoandikwa mwaka wa Hijra 1094, yaani karibu na mwaka 1683, na huko huomba mvua. Jambo hilo la kuomba mvua si dogo, kama itakavyoonekana baadaye.

Hata hivyo, Takwa haukuwa mji wa kwanza katika visiwa hivyo. Upande wa kaskazini wa kisiwa cha Manda kulikuwa na mji ulioitwa Manda, ambao umri wake wapita miaka elfu moja. Na katika kisiwa cha Pate kuna magofu ya Shanga, mji ulioanza katika miaka ya 700 na kuachwa karibu na mwaka 1425. Manda ulichimbuliwa na mtaalamu Neville Chittick katika miaka ya 1960 na 1970. Shanga ulichimbuliwa na Mark Horton kuanzia mwaka 1980.

Wengi hudhani kwamba wachimbaji wa magofu hutafuta dhahabu. Kwa kweli, hazina yao kubwa ni jaa. Mama wa nyumba wa miaka elfu moja iliyopita alitupa miiba ya samaki, mifupa ya mbuzi, vigae vya vyungu na majivu ya meko, na vyote hivyo vikafunikwa na udongo tabaka juu ya tabaka. Mifupa husafishwa na kulinganishwa na ya wanyama wajulikanao, hata ikafahamika kama ni ya kuku, ya ng'ombe au ya papa. Nafaka ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa punje mbichi huoza. Punje iliyoangukia motoni na kuungua bila kuwa majivu hudumu karne nyingi. Udongo wa jaa hutiwa katika maji. Mchanga na mawe huzama, na punje zilizoungua huelea, zikachujwa kwa kitambaa na kutazamwa kwa darubini. Hivyo kosa la mpishi aliyemwaga punje mekoni limekuwa ushahidi kwa watu wa baadaye.

MTAMA KWANZA, WALI BAADAYE

Ushahidi ulio wazi kabisa juu ya nafaka umetoka katika kisiwa cha Pemba. Huko bibi mtaalamu, Sarah Walshaw, alizichunguza punje zilizoungua kutoka vijiji viwili vya kale vilivyo karibu karibu. Katika kile cha Tumbe, kilichokaliwa toka miaka ya 600 hadi ya 900, mawele ndiyo yaliyozidi, na mpunga ulikuwa kidogo tu. Katika kile cha Chwaka, kilichofuata baada ya mwaka 1000, mambo yalipinduka: mpunga ulipanda juu, na mawele yakashuka.

Mpunga huo ulitoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, pamoja na pojo na pamba, na katika miaka ya 700 ulikuwa umekwisha fika mwambao huu. Kwa hiyo watu waliujua mpunga miaka mingi kabla ya kuufanya chakula chao kikuu. Wala haikuwa ajabu kwamba walikawia. Mpunga wataka maji mengi na kazi nyingi: kulinda ndege, kuvuna, kutwanga, kupepeta. Mtama na mawele huvumilia jua, na mvua ikipungua bado mkulima hupata kitu. Pemba ina mvua nyingi kuliko Lamu, na udongo wake ni mzuri kwa mpunga. Katika visiwa vya Lamu, ambako ardhi ni mchanga na matumbawe, mtama ulikuwa na sababu kubwa zaidi ya kudumu.

Maandishi ya wasafiri yaafikiana na punje hizo. Al-Masudi, mwandishi wa Kiarabu aliyesafiri katika bahari hii karibu na mwaka 916, aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa pwani ya Zanji kilikuwa mtama na namna ya mizizi ichimbwayo ardhini. Tena walikula ndizi, nazi, asali na nyama. Wali hakuutaja kuwa chakula chao kikuu.

Baada ya miaka mia nne, mwaka 1331, alikuja Ibn Battuta. Alishukia Mogadishu, na huko akaletewa wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kadhalika aliletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na ndimu za achari, pilipili iliyowekwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Alieleza kwamba mlaji hula tonge la wali kisha akafuatisha achari hizo. Mtu wa Shela akisikia habari hiyo hataona kitu kigeni.

Lakini yafaa kukumbuka kwamba Ibn Battuta alikuwa mgeni wa mtawala. Alichokiona ni sinia ya heshima, si chungu cha kila siku. Kutoka Mogadishu jahazi lake lilipita mbele ya visiwa vya Lamu, likafika Mombasa, na huko alilala usiku mmoja tu. Juu ya watu wa Mombasa aliandika maneno machache yenye faida kubwa: kwamba hawakupanda nafaka kisiwani, bali waliletewa kutoka mwambao, na kwamba chakula chao kingi kilikuwa ndizi na samaki. Hicho ndicho chakula cha kila siku, na hiyo ndiyo hali halisi ya mji wa kisiwani: mji ulikula kwa mkono wa watu wa bara.

BAKULI LA UCHINA

Katika magofu ya Manda, Shanga na Takwa vimeokotwa vigae vya mabakuli ya Kichina, na katika nyumba za mawe za Lamu mabakuli mazima yaliwekwa katika zidaka za ukutani kwa pambo na fahari. Mabakuli hayo yalikuja kwa biashara ya bahari, mengi yakipitia mikononi mwa wafanya biashara wa India, Uajemi na Arabuni. Watu waliyatazama kama vitu vya nchi ya mbali kabisa, ambayo maisha yake hayafanani na ya Waswahili. Lakini waliofinyanga mabakuli hayo walikuwa na habari yao ya nafaka, nayo yafanana na hii kwa ajabu.

Katika Uchina ya kale watu wa kaskazini walikula nafaka ndogo za jamii ya wimbi na mawele, pamoja na ngano, na watu wa kusini walikula wali. Mwaka 1012 Mfalme Zhenzong, wa ukoo wa Song, aliona ukame umezidi, akaagiza mbegu za mpunga wa Champa, nchi iliyokuwa mahali palipo Vietnam leo, kwa kuwa mpunga huo hukomaa upesi na huvumilia uhaba wa maji. Mbegu hizo zikagawiwa wakulima. Mji mkuu wake, Kaifeng, ulikuwa kaskazini, nao ulilishwa kwa mashua zilizoleta mchele kutoka kusini kwa njia ya mifereji. Baadaye mji mkuu ulipohamia Hangzhou, huko nako mamia kwa maelfu ya watu walikula mchele ulioletwa kwa maji kila siku.

Basi katika karne zile zile ambazo mpunga uliyashinda mawele huko Pemba, mpunga ulizidi kuenea katika Uchina. Na mji wenye mfalme na majeshi, kama mji mdogo wa visiwani, ulikuwa na shida moja: haukulima chakula chake. Mashua zisipofika, mji wote hulala njaa.

KITOWEO CHA BAHARINI

Kitu kimoja watu wa visiwa vya Lamu hawakukingojea kutoka kwa wengine, nacho ni kitoweo. Mifupa ya Shanga yaonyesha kwamba tangu mwanzo bahari ilikuwa ghala yao. Walivua samaki wa miambani na wa mikokoni, na walikula pia kasa, nguva na chaza. Samaki wa miambani ni wale wale wavuliwao hata leo kwa malema, nyuzio na mishipi karibu na nchi, kama changu, pono, tafi na chewa. Baada ya mwaka 1000, samaki wa bahari kuu, na hasa papa, walizidi katika majaa ya miji ya pwani. Hii ni dalili kwamba vyombo vilikuwa bora na mabaharia walithubutu kwenda mbali. Samaki aliyezidi haja ya siku alipasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, akawa ng'onda wa kuwekwa akiba kwa siku za pepo kali ambapo hakuna atokaye kuvua.

Nyama haikukosekana, ila haikuwa chakula cha kila siku. Mbuzi, kondoo na kuku walifugwa mjini, na ng'ombe walikuwapo pia. Samli na maziwa yalitoka kwa wafugaji wa bara. Asali ilitoka kwa watu wa msituni, kama vile Waboni. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya uto, yaani ya ufuta, na katika mji wa Lamu vilikuwako vinu vya kushindikia mafuta vilivyozungushwa na ngamia.

Mapishi yenyewe yaweza kufahamika kwa vyombo. Katika tabaka za chini vyungu vya kupikia ni vingi. Katika tabaka za karne zilizofuata huongezeka mabakuli mapana yaliyo wazi, ya kupakulia chakula kwa watu wengi pamoja. Kula pamoja katika chombo kimoja, desturi ambayo watu wa pwani huihesabu kuwa alama ya udugu, kwaonekana katika vigae hivyo. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa katika miaka ya 1700, meko yaliwekwa juu kabisa ya nyumba, mahali paitwapo kidari cha meko, ili moshi na joto visiwasumbue watu wa ndani. Huko juu vilikuwako kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, na jiwe la kusagia. Unga wa mtama ulipikwa uji asubuhi na sima jioni, au ukaokwa mikate ya mofa, ambayo huliwa pamoja na samaki au kunde.

VITU AMBAVYO HAWAKUWA NAVYO

Msomaji wa leo pengine atashangaa akiambiwa vitu ambavyo watu wa Manda na Shanga hawakuvijua kabisa. Hawakujua mahindi, wala muhogo, wala viazi vitamu vya leo. Hawakujua nyanya, mapapai wala mananasi. Na pilipili kali nyekundu, ambayo bila ya hiyo mchuzi wa pwani hauna utamu, hawakuwahi kuionja. Vitu vyote hivyo asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari baada ya mwaka 1492, vingi vikiletwa Afrika na Wareno. Ukali wa chakula cha kale ulitokana na tangawizi na pilipili manga.

Lakini Wareno wenyewe, walipofika Mombasa mwaka 1498, hawakuikuta nchi yenye njaa. Waliletewa kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Basi mimea ya Amerika haikuja kuwaokoa watu waliokosa chakula. Ilikuja kama wageni wengine, na kwa mujibu wa methali, mgeni siku mbili, ya tatu ikapewa jembe. Muhogo ulikubali mchanga, ukakaa ardhini ukingoja siku ya njaa. Mahindi yakaenea bara. 

JASHO LA NANI?

Shela ulipata nguvu katika miaka ya 1800. Karibu na mwaka 1812 vilipiganwa pwani yake vita vikubwa, ambavyo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa. Mwaka 1829 ukajengwa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, ambao mnara wake waonekana toka baharini. Biashara ya Lamu ikakua, na majahazi yakapakia mtama na ufuta kwenda Arabuni.

Nafaka hiyo haikutoka katika mchanga wa Shela. Ilitoka katika mashamba ya bara, ng'ambo ya pili, na wengi wa walioilima walikuwa watumwa. Wakati huo chakula kilipambanua watu: wali na samli vilikuwa alama ya uungwana, mtama na muhogo vikawa fungu la mtumwa na maskini. Pengine hii ndiyo sababu kubwa ya mtama kusahauliwa. Watu hawakuuacha kwa kuwa haushibishi, bali kwa kuwa ulinuka utumwa. Aliyepata uwezo alitaka kula kama alivyokula bwana wake.

Mwaka 1907 utumwa ulipoondolewa na sheria katika mwambao wa Kenya, mashamba mengi yalikosa watu wa kuyalima, na biashara ya nafaka ya Lamu ikafifia. Kisha zikaja fitina za mpaka wa Kenya na Somalia, kati ya 1963 na 1967, na Wabajuni wengi waliolima bara wakalazimika kuyaacha mashamba yao na kukimbilia visiwani na miji ya kusini. Kabla ya hayo yote, katika miaka ya 1600, Waoromo waliposhuka kutoka kaskazini, miji kadha ya bara iliachwa vile vile. Kila mara habari ni moja: amani ya bara ikivunjika, ghala ya kisiwani hupungua, na mchele hununuliwa kwa fedha kutoka mbali.

MAJI NA MVUA

Lipo jambo moja zaidi ambalo nafaka na samaki haviwezi kulifidia, nalo ni maji. Vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo mpita njia huviona kuwa jangwa lisilo na faida, ndivyo vilivyoisaidia Shela ikae. Mvua ikinyesha, mchanga huyameza maji, ukayachuja na kuyahifadhi chini. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo hutulia juu ya maji ya chumvi kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Mji wa Lamu nao kwa miaka mingi umepata maji yake kutoka visima vya upande huo. Lakini yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini. Na nyumba zikijengwa juu ya vilima, mvua haipati njia ya kushuka, na uchafu hushuka badala yake. Tangu watalii walipoanza kuipenda Shela, majumba na hoteli vimeongezeka, na hofu juu ya vilima hivyo imeongezeka pamoja navyo.

Ndipo maana ya ziara ya Takwa inapofahamika. Watu wanaovuka mlango wa bahari kwenda kuomba mvua penye kaburi la mwaka 1094 husimama katika mji ambao nyumba zake bado zina kuta na ambao msikiti wake bado una kibula.  Yasemwa kwamba kilichokosekana ni kitu kidogo cha kutia mtungini.

Mtu wa mjini hupenda kuonyesha utajiri wake kwa sinia ya wali na bakuli la Uchina. Majaa ya kale yashuhudia kwamba maisha ya miji hiyo yalichukuliwa na vitu vilivyodharauliwa: mtama wa mkulima wa bara, ng'onda wa mvuvi, na kata ya maji kutoka chini ya mchanga. Mpunga ni mgeni mwema, wala hapana haja ya kumfukuza. Lakini mwenye nyumba anayewakumbuka wageni akawasahau waliomlea hana budi kujiuliza siku moja chakula chake hutoka wapi, na Shela, yenye Takwa mbele ya macho yake, ni mahali pazuri pa kujiuliza.